Tairi la Mbele

Nilikuwa na hela ya tairi moja.
Ndivyo nilivyomwambia Shose, fundi wa nyuma ya soko la Mbuyuni,
naye hakunipa pole. Alikuwa na spana mdomoni.
Akaitoa, akauliza: "Unashukia wapi?"

Old Moshi, nikasema. Kutoka Kidia mpaka kwenye lami.

"Sikuulizi kijiji. Nakuuliza udongo."

Jumamosi nikamletea udongo kwenye kopo la siagi:
kiganja cha vumbi jekundu la chini ya migrevilea,
kiganja cha tope jeusi la ukingoni mwa mfongo,
na kipande cha mzizi wa mkahawa, kwa utani.
Hakucheka. Aliumwagia mzizi maji,
akapitisha kidole.
"Adui yako ni huyu. Tope linajulikana ni tope.
Mzizi uliolowa hujifanya njia."

Matairi yalining'inia misumarini kama utumbo buchani,
mitumba yote, mengine yakiwa bado
na udongo mkavu wa milima nisiyoijua.
Mkono wangu ukaenda kwenye jembamba,
lenye kashata fupi zilizosongamana.
Jepesi, nikawaza. Hili litanipandisha bila kutweta.
"La lami hilo," akasema Shose.
"Kupanda, utapanda.
Kushuka, utashushwa."

Akanifundisha kusoma kwa kucha.
Bonyeza kashata. Ikiruka kurudi, mpira ni mgumu:
utadumu miaka mitano
na utakuangusha miaka yote mitano.
Ikirudi polepole,
kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini,
huo utashika jiwe, utashika na mzizi,
na utaisha kabla hujamaliza kuusifia.
"Vyote viwili hupati. Hata kwenye ndoa hupati."
Ana miaka ishirini na miwili. Sikumuuliza ameyajulia wapi.

Kashata za katikati ni za breki.
Za pembeni, zile ndefu zilizosimama kama magego,
hizo ni za kona; hutazijua mpaka ulale nazo.
Na kati ya jino na jino iwepo nafasi,
tope lipate pa kutemewa,
la sivyo tairi linageuka andazi.

Mimi nilitaka la nyuma.
Nyuma ndiko kwenye mnyororo, ndiko kwenye uzito wangu,
ndiko tairi lilikokwisha kuwa kipara.
Shose akaling'oa la mbele.
"La nyuma likiteleza, utapata hadithi ya kusimulia.
La mbele likiteleza, watasimulia wengine."

Akajaza upepo, kisha akautoa, akautoa tena,
mpaka gumba lake likazama kidogo.
Nilisimama pale nikiona naibiwa upepo nilioulipia.

Aprili. Mvua ilikatika alfajiri.
Mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe
alijibana kwenye masale kunipisha, akasema neno la Kichagga
ambalo sitaliandika.
Kisha kona ya mfongo, ile inayovuja mwaka mzima,
na mzizi umelala katikati, unang'aa kama umepakwa mafuta.
Niliulaza usukani. Nyuma kukacheza,
kukaenda kulia, kukarudi kwa aibu.
Mbele kulikaa.
Kulikaa kama kidole cha mtoto kwenye mstari wa kitabu.

Chini kidogo nikasimama, nikarudi kwa miguu kutazama.
Njia yote iliyonyooka ilikuwa na alama moja tu,
ya kipara changu cha nyuma, hafifu, kama ufagio umepita:
la nyuma hufuta kila alichoandika mwenzake.
Penye kona tu alama zilikuwa mbili.
La nyuma limekata kwa ndani, limekwepa kazi,
na la mbele, peke yake kwa nje,
jino kwa jino, limesainiwa topeni.

Nikampigia Shose.
Akauliza kama nimelipunguza upepo zaidi.
Nikasema hapana.
"Basi punguza," akasema, na kukata simu.